MAMBO YA NYUMBANI: Kabla ya Kulifungua Furushi Jipya

Mama mwenye nyumba aliye mwangalifu hamimini unga chunguni kabla ya kuuchekecha. Hata kama mfuko umetoka katika duka analoliamini, hata kama mshono wake haujaguswa, yeye huutia kwanza katika chekecheke, akatazama kilichobaki juu. Hafanyi hivyo kwa kumdharau mwenye duka. Anajua kuwa unga ule umepita katika mikono mingi: mkulima aliyelima, mwenye mashine aliyesaga, mchuuzi aliyeupima upya na kuutia katika mifuko midogo. Kila mkono uliupokea mzigo, ukaufungua, ukaufunga tena. Na kila palipofunguliwa na kufungwa, pana nafasi ya kuingia kitu ambacho mkulima hakukipanda.

Siku hizi nyumba nyingi zina chombo kingine kinachopokea mafurushi yaliyofungwa na watu wasiojulikana. Chombo hicho ni simu ya mkononi, au kompyuta iliyo ofisini, shuleni na kwenye benki. Kila baada ya siku kadhaa mwenye chombo huambiwa kwamba liko toleo jipya la programu, naye hubonyeza akubali, kisha huendelea na shughuli zake. Yafaa basi msomaji aelewe furushi hilo hufungwa na nani, hupita wapi, na ni jambo gani lilitokea mwaka 2024, pale furushi moja dogo lilipokaribia kufungua milango ya kompyuta nyingi duniani.

FURUSHI HUSAFIRI VIPI

Programu ya kompyuta ni maandishi ya amri; fundi huyaandika, na mashine huyatii. Programu kubwa haiandikwi na mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Hujengwa kama nyumba: matofali kutoka kwa huyu, milango kutoka kwa yule, bawaba kutoka kwa mwingine ambaye mwenye nyumba hamjui hata kwa jina. Vipande hivyo huitwa vijenzi. Mwandishi wa kijenzi akikirekebisha, hukipa namba mpya ya toleo, hukitia katika furushi, na kulitoa furushi hilo kwenye intaneti.

Katika jamii ya mifumo iitwayo Linux, ambayo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti, furushi hilo haliendi moja kwa moja kwa mtumiaji. Wako watu wa kati wenye kazi maalumu. Hao hulipokea furushi la mwandishi, hulifungua, huyageuza maandishi yake kuwa programu inayoweza kutumika na mashine, hurekebisha hapa na pale ili kijenzi kipatane na vijenzi vingine, kisha hulifunga upya kwa utaratibu wa nyumba yao na kulipeleka katika maghala yao ya mtandaoni.

Nyumba hizo zina majina. Iko Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, iko Fedora, iko openSUSE, iko pia Ubuntu, ambayo jina lake lenyewe ni neno la lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, lenye maana ya utu. Kompyuta yenye mfumo wa nyumba mojawapo huenda katika ghala la nyumba hiyo, hulinganisha namba, na ikikuta namba kubwa kuliko ile iliyo nayo, hulichukua furushi jipya na kulifungua yenyewe.

Wafungaji wengi wa mafurushi hayo, hasa katika Debian, ni watu wa kujitolea. Hufanya kazi hiyo usiku, baada ya ajira zao za mchana, na mtumiaji hawaoni wala hawafikirii. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

KIDOLE KIMOJA

Miongoni mwa vijenzi hivyo kiko kimoja kiitwacho XZ Utils. Kazi yake ni kubana mafaili, yaani kuyapunguza ukubwa ili yahifadhiwe kwa nafasi ndogo na yasafirishwe upesi. Ni kazi ya mtumishi wa jikoni: haisifiwi, wala haionekani, lakini ikisimama siku moja shughuli za nyumba nzima hukwama. Karibu kila mfumo wa Linux hukitumia.

Kwa zaidi ya miaka 10 kijenzi hicho kilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland. Hakulipwa kwa utunzaji huo. Kompyuta zisizo na idadi, za makampuni tajiri na za serikali, ziliegemea juu ya muda wake wa mapumziko.

Mwezi Oktoba, 2021, alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kupeleka marekebisho madogo madogo. Marekebisho yalikuwa mazuri. Mtu mwenyewe alikuwa mpole, mwenye bidii na asiyekata tamaa. Uso wake hakuna aliyeuona. Alijulikana kwa maandishi tu.

Katika mwaka 2022 zikaanza kuja barua kutoka kwa watu wengine, nao wakijulikana kwa majina tu. Hao walimlaumu Bwana Collin kwamba kazi yake inakwenda polepole, kwamba watumiaji wamechoka kungoja, na kwamba yafaa amkabidhi mwingine utunzaji. Bwana Collin aliwajibu kwa unyofu. Alieleza kuwa hakuipuuza kazi hiyo, ila nguvu zake zilikuwa zimepungua kwa sababu ya matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu, na akawakumbusha kuwa hiyo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Wachunguzi walipozirejea barua hizo baadaye, walishuku kuwa wale walalamikaji na yule msaidizi mpole walikuwa wa kundi moja: wengine wamchoshe mwenye nyumba, na mmoja ampelekee kiti cha kupumzikia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu aliyechoka, aliye peke yake, akipata mtu wa kumpunguzia mzigo, hushukuru. Ndivyo ilivyotokea. Hatua kwa hatua Jia Tan alipewa ruhusa ya kuyagusa maandishi, kisha ruhusa ya kuyafunga mafurushi. Mwezi Machi, 2023, alitoa toleo lake la kwanza, namba 5.4.2. Wenyeji husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alingoja zaidi ya mwaka mmoja, akapewa jembe na ufunguo wa ghala pamoja.

FURUSHI LISILOFANANA NA GHALA

Tarehe 24 Februari, 2024, Jia Tan alitoa toleo namba 5.6.0; na tarehe 9 Machi akatoa namba 5.6.1. Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na msomaji na atazame kwa makini.

Maandishi ya XZ Utils yaliwekwa hadharani katika ghala la wazi, ambapo mtu yeyote angeweza kuyasoma mstari kwa mstari. Lakini wafungaji wengi hawakuyachukua maandishi hayo kutoka ghalani moja kwa moja. Walichukua furushi ambalo mtunzaji alilifunga mwenyewe na kulitoa kwenye intaneti. Kwa desturi ya miaka mingi, furushi la namna hiyo huwa na mafaili machache ya ziada yasiyomo ghalani, yanayosaidia katika kuijenga programu. Kila mtu alizoea tofauti hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeitilia shaka.

Mharibifu alijificha ndani ya mazoea hayo. Sumu yenyewe aliiweka ghalani, mbele ya macho ya watu wote, lakini ndani ya mafaili ya majaribio. Mafaili hayo huwa yameharibiwa makusudi, ili kuipima programu kama itaweza kutambua faili bovu. Kwa hiyo hakuna aliyetazamia kuyasoma. Kiberiti cha kuiwasha sumu hiyo hakukiweka ghalani kabisa. Alikitia katika furushi peke yake, katika lile faili la ziada. Aliyesoma ghala aliona nyumba isiyo na dosari. Aliyepokea furushi alibeba moto asioujua.

Aidha, kiberiti hicho kilikuwa na akili. Kabla ya kuwaka kilitazama kwanza ni nani anayelifungua furushi. Kama ni fundi wa kawaida anayejaribu mambo kwa udadisi wake, kilinyamaza. Kiliwaka tu pale kilipotambua kwamba programu inajengwa kwa ajili ya kufungwa upya, kwa utaratibu wa mafurushi ya Debian au wa nyumba za jamii ya Fedora, na kwa kompyuta za aina inayotumiwa sana katika seva. Kwa maneno mengine, mtego ulitegwa kwa ajili ya mfungaji, maana mkono wa mfungaji ndio unaofika katika kila nyumba.

Lengo lake lilikuwa mlango uitwao SSH. Huo ndio mlango ambao mafundi hupitia wanapotaka kuingia katika kompyuta iliyo mbali na kuiamrisha. Watengenezaji wa mlango huo hawakukihitaji kijenzi cha kubana mafaili. Lakini baadhi ya nyumba, katika kuufunga upya, ziliuongezea kiungo cha kuupatanisha na mfumo wao, na kiungo hicho kilikuja na XZ nyuma yake, kama mgeni anayekuja na mgeni wake. Sumu ikafika mlangoni kwa njia hiyo. Mwenye ufunguo mmoja wa siri, ambao aliyeitega sumu peke yake ndiye aliyekuwa nao, angeweza kuiamrisha kompyuta ifanye alitakalo bila kuombwa neno la siri.

Mwishoni mwa mwezi Machi wakatokea watu wakiwahimiza wafungaji waharakishe kulipokea toleo 5.6.1. Pupa, kama ijulikanavyo, haina macho.

NUSU SEKUNDE

Aliyeigundua hila hiyo hakuwa askari wala mpelelezi. Ni Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft ambaye pia ni mmoja wa wajenzi wa programu ya hifadhi ya data iitwayo PostgreSQL. Alikuwa akipima mwendo wa programu hiyo kwenye kompyuta yenye toleo la majaribio la Debian. Akaona kuwa kuingia kwa mlango wa SSH kunachukua takriban sekunde 0.8, badala ya sekunde 0.3 ilivyokuwa awali, na kwamba mashine inatumia nguvu nyingi kupita kiasi katika kazi hiyo ndogo.

Nusu sekunde ni muda wa kupepesa macho mara moja au mbili. Wengi wangaliipuuza. Freund aliifuata nusu sekunde hiyo kama mama anavyofuata harufu ndogo ya moshi usiku, chumba kwa chumba, mpaka akafika ilikotoka. Mwanzo alidhani ni furushi la Debian lililochafuliwa. Baadaye akatambua kuwa uchafu ulitoka juu zaidi, katika furushi la mtunzaji mwenyewe. Tarehe 29 Machi, 2024, alitangaza hadharani aliyoyaona. Udhaifu huo ukaandikishwa kwa namba CVE-2024-3094 na kupewa alama 10 juu ya 10 za hatari.

Kwa bahati njema mafurushi hayo yalikuwa yameingia katika matoleo ya majaribio na yale ya kwenda na upya wa kila siku: Debian ya majaribio, Fedora 40 iliyokuwa haijakamilika, openSUSE Tumbleweed na mengine machache. Matoleo imara, yale yanayotumiwa na seva nyingi, hayakuwa yamefikiwa. Lau majuma machache zaidi yangalipita, habari ingalikuwa nyingine.

KUKIFUNGA CHA ZAMANI KWA JINA JIPYA

Hapo ikaja kazi ya wafungaji, na kazi hiyo yenyewe ina fundisho. Debian walitaka kuwarudisha watumiaji wao kwenye toleo la zamani, namba 5.4.5. Lakini kompyuta, kama ilivyoelezwa juu, hupokea namba kubwa tu. Iliyo na 5.6.1 ikiletewa 5.4.5 itaikataa, ikidhani inapewa kitu kilichopitwa na wakati. Mashine haijui jipya lenye sumu na la zamani lililo salama, yajua kuhesabu.

Wafungaji wakalitengeneza furushi lenye maandishi ya 5.4.5, wakaliandika jina 5.6.1+really5.4.5-1. Neno lile la katikati ni la Kiingereza, lenye maana ya “kwa kweli”. Yaani juu ya mfuko imeandikwa: mashine na isome 5.6.1 ili ikubali kunipokea, bali mwenye macho na ajue kuwa ndani yangu, kwa kweli, mna 5.4.5. Ni jina refu lisilopendeza, nalo linasema ukweli wote. Hata hivyo baadhi ya mafundi walitaka kurudi nyuma zaidi, kwa kuwa hata 5.4.5 ilikwisha kuguswa na mkono wa mgeni.

Ubuntu nao, waliokuwa wakiandaa toleo lao 24.04, waliamua kuyatupa mafurushi yote yaliyojengwa tangu sumu ilipoingia katika maandalizi yao, wakayajenga upya. Kwa sababu hiyo toleo lao la majaribio lilicheleweshwa kwa juma moja, hadi tarehe 11 Aprili. Waliona heri kuchelewa kwa juma moja kuliko kumpelekea mtu mfuko wasioweza kuapa juu yake. Bwana Collin mwenyewe alirudi kazini, akayapitia maandishi, na tarehe 29 Mei, 2024, akatoa toleo 5.6.2 lililosafishwa.

Tokea hapo mafundi wengi wamezidi kusisitiza mambo mawili. La kwanza, furushi na lijengwe kutokana na maandishi yaliyo ghalani, mahali panapoonekana na watu wote. La pili, na liweze kujengwa na watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwake, na matokeo yafanane bila kupungua wala kuzidi. Debian wameishughulikia njia hiyo ya pili tangu mwaka 2013. Ni sawa na kuwapa wapishi wawili mapishi yale yale na vipimo vile vile: vyungu vikitofautiana, lazima kimeingia kitu kisichoandikwa.

MAFUNDISHO KWA NYUMBA

Msomaji asije akahitimisha kwamba matoleo mapya ni hatari, na heri kubaki na ya zamani. Hilo ni kosa kubwa zaidi. Tarehe 14 Machi, 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba tundu katika mfumo wake wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu haribifu iitwayo WannaCry ilipitia katika tundu hilo hilo na kuzifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali nyingi za Uingereza. Waliokwisha kulipokea rekebisho kwa wakati wake waliziba njia hiyo. Basi toleo jipya na lipokelewe. Linalotakiwa kuangaliwa ni mahali linapotoka.

Programu ya simu na ichukuliwe katika ghala rasmi la simu hiyo. Faili la programu linalopitishwa mkono kwa mkono kati ya jamaa na marafiki, hata kama limeletwa na mpwa au jirani mwema, limekwisha kufunguliwa na kufungwa mahali ambapo hakuna anayepajua. Jirani hana kosa, naye alipewa.

Pili, mabadiliko madogo na yaulizwe. Simu iliyokuwa nyepesi ikawa nzito ghafla, betri inayokwisha kabla ya adhuhuri, programu ya tochi inayoomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wote: hayo ni moshi. Huenda ni jiko la jirani, lakini mwenye nyumba huamka akatazama.

Fundisho la tatu ni zito kuliko hayo, nalo halihusu mashine peke yake. Mlango wa hila hii haukufunguliwa kwa ufundi; ulifunguliwa kwa uchovu wa mtu mmoja aliyeachiwa mzigo wa wengi. Katika kila kijiji yuko mweka hazina wa chama cha akina mama anayeandika daftari peke yake kila mwezi. Yuko mwangalizi wa pampu ya maji ambaye hakuna ajuaye kazi yake mpaka pampu iharibike. Yuko mwalimu anayeshika funguo zote za shule. Watu hao hulaumiwa wanapochelewa, lakini ni nadra kuulizwa kama wamechoka. Kisha siku moja hutokea mgeni mchangamfu, akasema, “Lete nikusaidie,” na hakuna aliyekuwa amesema hivyo kabla yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Lakini mara nyingi kimeingia nguoni kwa kuwa wenye nyumba hawakuwa na muda wa kusaidiana kukung'uta nguo. Wenye chama na wamwekee mweka hazina wao mwenzi wanayemjua, daftari lisomwe na macho mawili zaidi, na aliyechoka aruhusiwe kusema kuwa amechoka bila kuaibishwa. Ulinzi huo haununuliwi dukani, na hauna toleo jipya.

Juma lijalo safu hii itaeleza namna ya kuchagua neno la siri la simu lisiloweza kubahatishwa na watoto wa nyumbani.